Theluji Kwenye Magoti Yako

Maplewood, Jumamosi mchana

Mwanangu Atupele,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali. Hii haitaanza hivyo, kwa sababu hali yako naijua: uko Brooklyn Center kwa shangazi yako Tusekile, umekaa juu ya mto katikati ya magoti yake, unasukwa nywele za safari, na bila shaka kichwa kinakuuma na ukiulizwa unasema hakiumi. Hali yangu mimi ndiyo itakayochukua kurasa hizi. Kesho mchana wewe na shangazi mnapanda ndege kwenda Mbeya kwa mama yako, aliyekutangulia tangu Agosti kuanza kazi ya kufundisha uuguzi chuoni, nami nabaki hapa miaka miwili kumaliza mkataba wangu. Nina saa nne kabla hamjarudi. Simu nimeizima.

Maagizo sitakupa. Mama yako ametuma orodha ya kurasa tatu, kuanzia vidonge vya malaria mpaka namna ya kukunja soksi, na shangazi ameibandika kwenye friji kana kwamba ni friji inayosafiri. Wazazi hupenda kujaza barua za namna hii maagizo kwa sababu agizo halimsumbui anayelitoa. Mtu anaweza kuwa mwoga wa kutupwa na bado akaandika ukurasa mzima wa kuvutia kuhusu ujasiri. Nimezisoma barua kama hizo, nimeandika hata hotuba kama hizo, na sasa zinanitia kinyaa.

Nakuandikia kuhusu picha.

Utakapofika Tukuyu kwa bibi yako, ambaye ni wajina wako, utaingia sebuleni, na ukutani, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya marehemu babu yako, ipo fremu yenye picha yetu sisi wawili kwenye theluji. Mimi nimesimama wima, miwani mikubwa juu ya paji la uso, mkononi nimeshika skii, zile mbao ndefu za kutelezea, kama askari aliyekabidhiwa bunduki asiyojua risasi inatokea upande gani. Wewe, wakati ule una miaka saba, umesimama pembeni yangu. Nyuma yetu yupo Greg, meneja wangu, amevaa kichwani pembe za kitambaa. Picha hiyo niliituma mwenyewe na chini yake nikaandika: "Mapumziko ya Krismasi. Mimi na binti tukiteleza milimani." Bibi akaipeleka mjini ikachapishwa. Majirani wameonyeshwa. Mchungaji ameonyeshwa, akaniombea niendelee kufanikiwa.

Katika maelezo yale hapakuwa na ukweli isipokuwa "mimi na binti". Hata hiyo "milimani" ni uongo. Kilima kile, Atupele, Tukuyu kisingepewa hata jina. Watu wangepanda viazi juu yake asubuhi na kushuka kula chakula cha mchana bila kujua kwamba wamepanda popote.

Acha nikueleze uongo wenyewe ulizaliwaje, kwa sababu ulikuwa mdogo na ulichoona wewe ni mwisho wake tu.

Nilipokuwa namalizia shahada yangu ya uzamili, chuo kilitupangia sisi wanafunzi wa kigeni mshauri wa ajira. Mtu mpole, mwenye tai na viatu vizuri. Alituambia: "Waambieni waajiri kile mnachokipenda katika majira ya baridi. Watu wa hapa humwamini mgeni anayeipenda baridi yao." Nikaliandika neno hilo kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili, kama mjinga yeyote aliyesoma sana. Wiki ya kwanza kazini, kule Woodbury, tukakusanywa katika chumba cha vioo, kila mwajiriwa mpya akaombwa aseme kitu kimoja anachokipenda wakati wa theluji. Mama mmoja kutoka India alisema anapenda kulala. Wakacheka, wakampenda hapo hapo. Zamu yangu ikafika. Ningeweza kusema napenda chai ya tangawizi. Ningeweza kusema naimba besi kanisani. Nikasema: "Mimi napenda skii."

Greg akakaa sawa kitini. "Kweli? Tangu lini?"

"Tangu nilipofika nchini," nikasema, na sikuhisi chochote. Hilo ndilo linalonichefua hadi leo. Uongo ulitoka laini kama jina langu.

Wapo wasomi wenzangu, Watanzania wa huko Woodbury wenye nyumba mpya na gereji za magari matatu, watakaokuambia siku moja kwamba mgeni hana budi kujipaka rangi kidogo ili apokelewe. Watalisema kwa huzuni, wakitikisa kichwa, kana kwamba kuna mtu aliyewashikia panga. Ni upuuzi. Mimi sikulazimishwa na mtu. Na yule mama aliyesema anapenda kulala alipandishwa cheo kabla yangu.

Ilipofika Desemba, kampuni ikatangaza siku ya familia kilimani, Jumamosi moja kabla ya Krismasi. Greg akanipiga bega mbele ya watu wote. "Wewe utatuongoza," akasema. "Mlete na yule binti."

Nadhani unazikumbuka jioni zile. Nilitazama video za mafunzo kwenye simu, tukapasua boksi la televisheni vipande vinne, tukavifunga miguuni kwa kamba za viatu, tukaanza kuteleza kwenye zulia la sebuleni, kutoka kwenye kochi mpaka mlango wa jikoni. Ulianguka ukacheka mpaka ukapata kwikwi. Ukaniuliza, "Baba, kwani wewe hujawahi?"

"Hata mara moja, mama," nikakujibu. "Tunajifunza wote."

Sijui kama niliwahi kuwa baba mwema kuliko jioni ile. Nilikuwa na kipande cha boksi mguuni na nilikuambia ukweli.

Asubuhi ya safari mama yako alikuwa zamu hospitalini. Shangazi Tusekile alikuja kukuazimisha glavu, akatukuta tumevaa jaketi na suruali za theluji nilizonunua jana yake, lebo za bei tumezificha ndani ya kola ili nizirudishe dukani Jumatatu. Akanizunguka mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Msomi," akasema, "yaani unakwenda kulipa pesa upandishwe kilima, halafu uteleze mpaka pale pale ulipokuwa?"

"Ni mambo ya kazini, dada."

"Sisi Tukuyu tuliteleza kwenye tope bure. Tena tukifika nyumbani tunachapwa." Akakuvisha glavu. "Na hiyo lebo imetokeza, ifiche vizuri, mtaalamu."

Nilikereka. Nilimwona hajui dunia inavyokwenda. Leo natamani angeniziba mlango kwa mwili wake.

Kilimani palikuwa na furaha iliyopangwa kwa ratiba. Nasema hivyo kwa sababu ratiba tulitumiwa kwa barua pepe: saa nne kukusanyika, saa nne na nusu picha, saa tano furaha. Nyimbo za Krismasi zilitoka kwenye spika zilizofungwa juu ya nguzo, zile zile tatu zikizunguka. Watu wazima wenye mishahara mikubwa walivaa pembe za kulungu. Mbwa walivaa sweta. Mzee mmoja mwenye ndevu za bandia alipita akiteleza huku akigawa pipi, na watu waliokuwa hawasalimiani kwenye korido za ofisi wakakumbatiana kana kwamba wamenusurika vita. Niliwadharau wote, na wakati huo huo nilikuwa tayari kufanya lolote nifanane nao. Sasa dharau yangu kwao imepungua sana, maana wao angalau walijua wanachokifanya. Mtoto wa miaka minne hivi alinipita akiteleza kinyumenyume, pipi mdomoni. Niliyebaki kumdharau ni yule mwanamume aliyekuwa anahangaika kuvaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

Ndipo mke wa Greg, Holly, akainama mbele yako na kikombe cha chokoleti ya moto. Alikuwa mwema. Sina la kumlaumu. Akakuuliza, "Baba alianza kukufundisha skii lini?"

Ukamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti yako ya darasani, wazi kabisa: "Baba hajawahi kuteleza. Tumejifunza sebuleni kwa maboksi."

Watu watatu wanne wakacheka. Greg akanigeukia, pembe zikamlegea upande mmoja. "Ni kweli hayo?"

Nimepita mahali pale kichwani mwangu mara nyingi kuliko ninavyopita barabara ya kwenda kazini. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anatabasamu. Ningesema, "Ndiyo, ni kweli, nilitaka mnipende," nadhani angecheka mpaka akae chini, na Jumatatu tungekunywa kahawa. Badala yake nilikuwekea mkono kichwani, mkono wa baba mwenye upendo, nikamwambia, "Anatunga. Huyu ana tabia ya kutunga hadithi."

Ukanitazama. Hukuonekana kukasirika. Ulinitazama kama mtu anayesubiri utani uishe.

Sikuishia hapo. Nikakuinamia, nikakuambia kwa Kiswahili ili wasielewe: "Kwa nini unasema uongo mbele ya wakubwa? Waombe radhi."

"Lakini baba..."

"Waombe radhi, Atupele."

Kwetu mtoto wa kike hupiga goti akimwamkia mkubwa, na hupiga goti akiomba radhi. Ulifundishwa na bibi yako mwenyewe kwa njia ya simu. Ulikuwa ukimwamkia kwa kupiga goti mbele ya simu mpaka simu inabaki kuonyesha dari. Hukujua namna nyingine ya kuomba radhi. Basi ukafanya ulivyofundishwa. Ukiwa na viatu vile vizito vya plastiki, ukashuka taratibu, goti moja, kisha la pili, kwenye theluji, mbele ya watu waliovaa pembe, ukasema, "Samahani."

Holly akaweka mkono kifuani. Alidhani ni salamu ya kwetu. "Jamani, mtoto mtamu huyu," akasema, "simameni hapo niwapige picha." Nikasimama. Nikatabasamu. Nikashika skii zangu kama nilivyokueleza.

Ukiitazama picha ile kwa karibu utaona magoti ya suruali yako ni meupe. Kila mgeni wa bibi hudhani ulianguka ukicheza.

Baada ya hapo sikuwa na njia ya kurudi nyuma, au ndivyo nilivyojiambia. Palikuwa na sehemu ya wanaoanza, yenye mteremko mdogo na mkeka unaosogea, umejaa watoto na walimu wao. Ukaniomba twende pale. Nikakupeleka kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya, vile vya kupandisha watu kileleni, kwa sababu Greg alikuwa anapanda kiti cha mbele yetu na alikuwa anageuka nyuma kututazama.

Miguu yako ilining'inia hewani. "Baba, naogopa," ukasema. Ulisema kwa Kiswahili, wewe ambaye hata nikikuita kula unanijibu kwa Kiingereza. Nikakujibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika kiti cha mbele: "Raha sana, eh?"

Kuteremka kitini nilianguka. Wakasimamisha mtambo mzima kwa ajili yangu, viti vikabaki vikibembea na watu wote juu yake huku kijana wa kazi akinivuta kwa kwapa kama gunia. Nilipoinuka nilikuambia, "Nifuate," nikajielekeza bondeni. Sikutazama nyuma. Kusema kweli nisingeweza kutazama nyuma, wala kusimama, wala kukata kona. Nilikwenda kama kabati lililosukumwa kwenye ngazi mpaka wavu wa rangi ya chungwa uliponidaka karibu kabisa na chini, goti limepinda, skii moja imekwenda kwa watu wengine.

Wewe ulibaki juu. Hukunifuata, na hiyo ndiyo akili pekee iliyotumika siku ile katika familia yetu. Ulisimama peke yako kileleni, umeshika nguzo, watu wakikupita. Mimi nikiwa kwenye wavu nilikuona, kidoadoa cha rangi ya waridi. Unajua nilichokuwa nawaza? Nilikuwa nawaza kama Greg ameona nilivyoanguka.

Mlinzi wa mlima, mzee mwenye jaketi jekundu na ndevu zilizoganda, alikushusha kwa sleji, kile kitanda cha kuburuzwa kwenye theluji, amekufunga blanketi mpaka puani. Hukuwa unalia. Akatuweka pamoja, Greg na Holly wakiwa wamesimama hapo, akanitazama mimi, akaona hakuna maana ya kuniuliza, akakuuliza wewe: "Binti, baba yako anajua kuteleza kweli?"

Ukanitazama. Safari hii hukusubiri utani uishe. Ulikuwa unasoma uso wangu kama mtu anayesoma jibu ubaoni. Ukasema, "Anajua. Amechoka tu."

Nilifurahi. Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena, kwa kuwa barua hii haina kazi nyingine. Mtoto wangu wa miaka saba, aliyetoka kuachwa peke yake juu ya kilima, alidanganya ili kunifunika, na mimi nikafurahi. Nikakununulia chokoleti nyingine.

Ndani ya gari, tulipokaribia nyumbani, ukaniuliza kutoka kiti cha nyuma: "Baba, sasa hivi nimesema vizuri?"

Nikakujibu, "Umesema vizuri sana, mama."

Hapo ndipo nilipokuumiza, Atupele, kuliko kule kwenye theluji. Magoti yalikauka kabla hatujafika. Hili halijakauka. Tangu siku ile umekuwa hodari wa kusema vizuri. Nesi akikuchoma sindano unamwambia haiumi. Mwalimu wako alituita shuleni kutusifia kwamba una raha siku zote na humsumbui mtu, na nilitoka pale kifua mbele, pumbavu kabisa, nikidhani nasifiwa malezi. Mama yako alipoondoka Agosti ulimpungia mkono uwanjani ukasema uko sawa. Na tulipokuuliza kama unataka kwenda kuishi Mbeya, ulitutazama kwenye simu, kwanza yeye kisha mimi, ukasema, "Nataka." Ilikuwa sauti ile ile ya "amechoka tu".

Kwa hiyo kesho unaondoka, na mimi, mwenye shahada mbili za kuchambua majibu ya watu, sijui kama unataka kuondoka.

Leo asubuhi, kule ikiwa jioni, nilimpigia bibi yako simu. Nilikuwa nimegundua kwamba ukifika utasimamishwa mbele ya ile fremu na kuulizwa usimulie, na ungesimulia kwa ufasaha. Nikaona bora nikuondolee kazi hiyo.

"Mama," nikamwambia, "ile picha ya ukutani."

"Imefanyaje? Nimetoka kuifuta vumbi, mgeni wangu anakuja."

"Mimi sijui kuteleza. Sijawahi kujua. Nilianguka mpaka chini."

Akacheka kicheko kirefu. "Kwani mimi nilikuwa sijui? Wewe ulikuwa unaanguka ukienda bombani na ndoo tupu. Nikasema labda theluji ya Wazungu inanata."

"Sasa mbona uliitundika?"

"Niliitundika kwa ajili ya mtoto. Wewe umeingia tu humo."

Nikacheka pia, na ningeweza kuishia hapo, nimejitua mzigo kwa bei rahisi. Lakini akauliza, "Na yeye magoti yale? Aliangukia wapi?"

"Hakuanguka, mama."

Nikamweleza. Yote, kama nilivyokuandikia hapa, ila kwa maneno machache. Nilisikia mvua kwenye mabati ya nyumba yetu na redio kwa mbali. 

"Goti lile nilimpa mimi," akasema mwisho. "Halafu siku hizi akinipigia haliko tena. Ananipungia mkono. Nikajisemea, amekua, anaona haya. Kumbe ulilichukua wewe ukalitumia kufutia uongo wako."

"Nisamehe, mama."

"Mimi wa nini?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sikiliza, msomi. Picha siishushi. Ndiyo hii nimeigeuza, imetazama ukuta. Akija ataamua mwenyewe igeuzwe ama itupwe. Na mimi asinipigie goti. Asilazimishwe na mtu, hata mama yake, hata mchungaji. Na wewe, usinipigie tena simu kuniambia mambo ambayo hujamwambia yeye."

Akakata. Ndiyo sababu ya barua hii. Nilimpigia na mama yako pia. Yeye aliuliza swali moja tu, "Ulimpigisha magoti mtoto wangu kwenye barafu?" na baada ya hapo kila nikimpigia simu yake imezimwa.

Nimeiandika kwa Kiswahili kigumu kwa makusudi. Sasa hivi utaielewa nusu. Baada ya mwaka mmoja huko utaisoma yote, na utakuwa unakosoa sentensi zangu. Ukifika hapo utajua kwamba siku ile kilimani alikuwepo mtu mmoja tu aliyesema kweli bila kuogopa wenye pembe, na mtu huyo alikuwa na miaka saba. Hukutunga. Sijawahi kukuona ukitunga kitu kabla ya siku ile. Tabia ya kutunga hadithi ilikuwa yangu, nikakuvisha wewe mbele ya watu, pamoja na suruali yenye lebo. Jumatatu kabla sijaenda kazini nitawaandikia Greg na Holly mistari minne kuwaambia hivyo. Sijui watafanya nini, na nimechoka kuishi kwa kukisia watu wa ofisini watafanya nini.

Nasikia gari.

Nimerudi kwenye barua. Ni saa mbili usiku, umelala, na mambo yametokea ambayo lazima niyaandike kabla sijaanza kuyapamba.

Mmeingia na baridi yenu, nywele zako zimesukwa mistari mizuri mpaka kisogoni. Shangazi akaziona karatasi mezani. "Bado unaandika, msomi? Si ulishahitimu?" Kisha akautazama uso wangu, akachukua mifuko yake akaenda jikoni, akafungua maji ya bomba kwa nguvu ambayo vyombo viwili havikuihitaji.

Nikakukalisha kwenye kochi, pale tulipokuwa tunaanzia kuteleza. Nikakuambia kwa kifupi: siku ile kilimani ulisema kweli, mimi ndiye niliyedanganya, na nilikufanyia vibaya. Ukatikisa kichwa haraka. "Haina neno, baba."

"Ina neno," nikasema. "Kichwa kinauma?"

"Hapana."

Nikangoja. Ukagusa msuko mmoja juu ya sikio.

"Kidogo," ukasema. "Hapa. Amevuta sana."

Jikoni maji yakafungwa.

"Na kwenda Mbeya? Usitazame uso wangu. Tazama pale jikoni." Ukageuka ukatazama mlango wa jikoni. "Unataka kwenda?"

"Nataka," ukasema, kwa Kiingereza, ile sauti.

Nikangoja tena. Nimejifunza leo kwamba kungoja ni kazi ngumu kuliko shahada. Niliona bega lako likishuka. Ukasema, taratibu, kwa Kiswahili, bado umetazama mlango: "Kwa mama nataka. Kwa bibi nataka. Lakini kule watoto wote wanapiga goti. Mimi sitaki kupiga goti."

"Basi usipige."

"Bibi atakasirika."

"Bibi ndiye aliyesema."

Ukanigeukia kuhakiki, na uso wangu haukuwa na jibu lolote la kusoma, maana nilikuwa nalia kidogo. Ukanipa leso ya mezani iliyotumika. Kisha ukaniuliza kama ile skii yangu moja iliyokimbia iliwahi kupatikana. Nikakuambia ilipatikana kwenye maegesho ya magari, chini ya gari la Greg. Ukacheka mpaka ukapata kwikwi, na shangazi kule jikoni akacheka pia, kumbe alikuwa anasikiliza tangu mwanzo.

Barua hii naiweka kwenye mfuko wa ndani wa jaketi lako, si kwenye sanduku. Zipu ya jaketi hilo inakwama kila mara pale chini, unajua, na kesho mlangoni pa uwanja nitalazimika kukufungia. Ukiniona nimeshuka chini mbele yako, goti moja, kisha la pili, kwenye theluji ile chafu ya kando ya barabara, mbele ya watu wote na mizigo yao, usininyanyue haraka. Zipu itakuwa imeshafungwa.

Baba yako